Mji Aliopewa Runji

Mwanabibi tumemzika juzi, Mungu amrehemu, kwa hiyo sasa sina sababu ya kufunga mdomo. Miaka yote hii watu wa Embu wamekuwa wakisema kwamba wifi yangu Mwanatatu alimuuza ndugu yake wa tumbo moja kwa homgadi, wale askari wenyeji wa serikali ya Wazungu. Waongo wakubwa. Mimi nilikuwemo nyumbani, nimekaa naye mkeka mmoja.

Mwanatatu alizaliwa akiitwa Wanjira, binti ya Wambeti, kule mashambani. Kaka yangu Sulemani, mwenye bucha, alipomwoa, yeye akasilimu akapewa jina la kwetu, Mwanatatu. Kiswahili alijifunzia kwetu mjini, na vitendawili ndivyo vilivyomkolea. Ukimtegea, kabla hujafunga kinywa ameshatoa jibu. Yeye akikutegea ukashindwa, unampa mji, na asipoupenda anaukataa mpaka umpe wa kumridhisha, ndipo asimulie alivyofika huko na alichokula. Mimi niliyezaliwa ndani ya lugha alinimaliza miji yote. "Wifi, leo utalala wapi?" ananiuliza, anacheka mpaka machozi.

Mwaka wa hamsini na nne, Emajensi, ile hali ya hatari ya Wazungu, imekaza, ndugu yake Munyi akatoka msituni alikokuwa akipigana nao, na risasi pajani. Tulimficha nyuma ya bucha, katika banda la ngozi, chini ya ngozi zilizotiwa chumvi. Uvundo wa pale askari hawakuuweza. Chakula alipelekewa na Mwanabibi, binti ya Mwanatatu, mtoto wa miaka mitano, maana nani atamsimamisha mtoto? Aliambiwa asimwambie mtu kuwa mjomba yuko pale, na hakuwahi kusema.

Siku moja mzee mmoja wa serikali akakutwa ameuawa, mji ukafungwa mchana kutwa. Ukitoa mguu nje unapigwa risasi. Sulemani alikuwa amekwama Meru alikokwenda kununua ng'ombe. Tukabaki wanawake wawili na mtoto, tukaanza kutegeana vitendawili. Mama yetu alitukataza tangu utotoni, kitendawili ni cha jioni, cha mchana huleta msiba. Lakini utafanya nini na mlango huwezi kuufungua?

Mvua ikaanza. Runji, homgadi aliyewekwa mtaani kwetu, akaingia na bunduki yake kujikinga. Zamani alikuwa mteja wa bucha. "Karibu, baba," Mwanatatu akamwambia, akamtilia chai. Runji akasema alitusikia kutoka nje, na yeye pia ana chake.

"Kitendawili."

"Tega."

"Natembea naye juani kutwa, nikiingia nyumbani haniagi."

Kivuli. Jibu nililijua, nikafungua kinywa, Mwanatatu akanifinya. Nikaelewa. Mwenye bunduki humshindi ndani ya nyumba yako. Mwache ashinde, afurahi, amalize chai aende zake. Hiyo ndiyo hesabu yake, na mpaka leo sioni kosa alilofanya.

"Umetushinda, baba," akasema.

"Basi nipeni mji."

"Chukua Mombasa."

"Siutaki. Huko sina mtu."

"Nairobi, basi."

"Nairobi nikakamatwe, huko wanakosomba watu wote wa kwetu?" Akacheka, akamgeukia Mwanabibi. "Wewe mama mdogo, nipe wewe mji wenye kushibisha."

Mtoto alifikiri kwelikweli. Alitaka mgeni aridhike. Katika akili yake hakuwa anatoa siri, alikuwa anatoa mji.

"Nakupa banda la ngozi," akasema.

"Huko nitakula nini?"

"Mjomba atakugawia ugali wake."

Runji akaweka kikombe chini. Mwanatatu akapiga magoti, akamshika miguu. "Runji, baba yangu, huyu ni mtoto. Ni mchezo tu." Runji alijinasua, akatoka mvuani akapuliza filimbi. Mwanatatu akakimbilia mlangoni, nikamshika kiuno kwa nguvu zangu zote ili asiuawe na yeye. Haukupita muda tukasikia milio ya bunduki kutoka upande wa bucha. Mwanabibi akatuuliza kama mgeni ameupenda mji.

Kafyu ilipoondolewa, mama yao Wambeti akaja kutoka kijijini kuomba maiti ya mwanawe. Hakupewa. Akaja kukaa kwenye mkeka wetu, hata maji akayakataa. Mwanabibi alikuwa pajani mwa mama yake anakula ndizi.

"Nani alisema Munyi alipo?" Wambeti akauliza.

Nilitaka kusema. Mwanatatu akanitazama, na jicho lile sitalisahau. Kisha akaweka mkono juu ya kichwa cha mtoto.

"Ni mimi, mama," akasema. "Walinitisha, nikasema."

Wambeti hakumpiga wala hakumlaani. Alijifunga shuka yake, akainuka. "Basi nimefiwa na watoto wawili," akasema, akaondoka. Mwanatatu hakukanyaga tena nyumbani kwao, na mamake alipokufa jamaa zake walimfukuza kaburini kwa mawe. Mwanabibi alikuwa ameshika mkono wa mama yake, akamuuliza kwa nini watu wale wanawachukia.