Korosho za Bibi

Juzi, risasi za heshima zilipopigwa mjini Nachingwea kuwakumbuka wanajeshi wetu, mzee mmoja alimvuta mjukuu wake chini, akamlalia. Watu wakacheka. Mimi nikasikia harufu ya korosho.

Alasiri moja nilipokuwa mtoto, Bibi alikuwa akichoma korosho uani, zikipasuka pa! pa! Babu, aliyepigana vita vya Uganda, alinisukuma chini ya kitanda, akanibana ukutani.

“Tulia. Watatusikia.”

Nilidhani tunacheza kujificha. Nilipocheka aliniziba mdomo kwa kiganja chenye ugoro. Nililia bila sauti, nikamchukia, hadi Bibi alipoinama mlangoni.

“Zimekwisha, Baba Fatu,” alimwambia Babu taratibu.

Kiganja kikalegea.

Juzi nilichuchumaa kando ya yule mzee.

“Zimekwisha, babu.”