Dobi Aliyechumbiwa na Kasuku

Mwite dobi huyu kasuku, atakushukuru. Jina lilimpata darasani, alipokuwa akimwiga mwalimu mpaka wenzake wanasimama wima, kumbe mwalimu yuko ofisini anakunywa chai yake.

"Lakini kasuku wa porini haigi mtu," husema huku akipuliza makaa ya pasi. "Anayeiga ni yule mliyemfungia, akakosa wa kuongea naye."

Hao wa porini anawajua kama anavyoyajua mashati ya wateja. Nyuma ya ua wake ndipo msitu unapoanzia, na mti wa kwanza kabisa una tundu kule juu. Humo wanaishi wawili, mtu na mkewe: kijani tupu, wakubwa kama njiwa walioshiba, na paji la uso rangi ya chungwa, utadhani walipakwa rangi wakatoroka kabla fundi hajamaliza. Alfajiri hupiga kelele kama bawaba zisizojua mafuta. Kiota hawajengi, mayai hulala juu ya unga wa mti uliooza. Jike akishaatamia hunyamaza tuli. Dume ndiye anayehangaika na matunda, akirudi anamtapikia mkewe mdomoni.

"Mume wa hivyo mimi sikujaliwa," dobi humwambia mumewe, naye hujifanya hajasikia.

Siku moja mdogo wa mumewe, seremala, akaja na msumeno. Anataka kuukata mti ule apate mbao za milango.

"Shemeji, humo kuna mayai."

"Shemeji, humo kuna upepo." Akaligonga shina kwa nyundo, akatega sikio. Kimya. "Nikisikia ndege nauacha, naapa. Nisiposikia, nakata."

Dobi akaona mambo yameharibika: mwenye nyumba yumo ndani, na kufungua mdomo hataki. Akaaga kwamba anakwenda kutazama pasi, akazunguka mashuka yaliyoanikwa, akajibanza upande wa pili wa shina. Meno ya msumeno yalipogusa gome tu, akalia kilio cha jike mwenye njaa, kile anachomwitia mumewe kabla hajaatamia.

Msumeno ukasimama. "Ala!"

Akalia tena, safari hii kwa madaha. Hapo ndipo alipoponzeka, maana aliiga vizuri kupita kiasi. Dume akamsikia mkewe anaita, akaja mbio, akatua juu ya kilemba cha dobi, akatikisa shingo, akamtapikia. Uji wa matunda ukamtiririka mpaka puani. Dobi akapiga yowe la kibinadamu.

Seremala akazunguka, akaona, akakaa chini kwa kucheka.

"Shemeji! Kaka anajua kwamba umechumbiwa?"

"Wewe umesikia ndege au hukusikia?"

"Nimemsikia dobi!"

"Na huyu aliyenilisha ni fundi cherehani?"

Wakati huo dume, aibu imemjaa, alikuwa amekwisharuka hadi tunduni. Kichwa cha kijani kikachomoza kutoka ndani, kikapokea kilichobaki, kikarudi gizani. Seremala akakitazama mpaka kicheko kikamkauka. Akauchukua msumeno wake, akaenda kutafuta mbao kwingine.

Siku hizi akipita nyuma ya ua hupaza sauti: "Hodi, bi mdogo!" Dobi humjibu kwa kikasuku, na kutoka tunduni bi mkubwa humkaripia.