Simu ya Mazoezi Iliyoleta Sanda Wingwi

Bora nikiri mapema, mcheke mkimaliza tuendelee: mie ndiye yule kijana wa Wingwi, Pemba, aliyemuua babaake kwa simu. Wengi mmeshaisikia kwa watu, na kila aliyeihadithia kaongeza chumvi yake, kwa hiyo leo naitoa mwenyewe na aibu yake yote, maana mpaka sasa nikipita madukani Wete kuna watu wananipungia mkono huku wanajizuia kucheka.

Mambo yenyewe yalianza na kazi. Kuna mifuko ya uwekezaji ya matajiri (wenyewe wanaiita hejifandi), watu wanatia pesa zao, wataalamu wanazizungusha masokoni, zikipanda kila mtu anafurahi, zikishuka lazima awepo mtu wa kumpigia tajiri simu na kumwambia kwa upole asiondoke. Mtu huyo ndiye niliyetaka kuwa mimi. Nilikuwa nimemaliza chuo, nimerudi nyumbani, najisomea kwa mtandao namna ya kukaa na wateja, na Bwana Taheri, muuza vitambaa wa Wete ambaye ni rafiki wa baba tangu ujana wao, alikuwa na mpwa wake kwenye ofisi moja ya namna hiyo kule Nairobi. Akaniambia, "Nitakusemea kwa mpwa wangu, lakini kwanza nikusikie unavyoongea." Tukakubaliana nimpigie Alkhamisi, yeye ajifanye tajiri, mie nimpe habari kwamba mfuko wake umeshuka. Neno lake moja ndilo lingenifikisha kwenye usaili, na sikuwa na mtu mwengine wa kunisemea.

Sasa hapa ndipo nilipojitia ujuaji. Nikajiambia tajiri wa kweli hajui utampigia lini, basi nikapiga Jumatano. Nikavaa shati jeupe na tai (mwalimu wa mtandaoni alisema nguo inasikika kwenye sauti, na mie nikamwamini), nikasimama nyuma ya banda la ng'ombe, maana kwetu mtandao unashika pale tu, nikalifuata somo hatua kwa hatua: sauti ya chini, jua mteja yuko wapi, hakikisha hayuko peke yake, usimshtue.

"Assalaam aleikum, mzee. Upo wapi saa hizi?"

"Waaleikumu salaam. Nipo dukani, mwanangu. Kwani vipi?"

"Umekaa? Upo na nani hapo?"

"Nipo na mke wangu."

"Vyema. Nina habari si nzuri, mzee wangu. Nakuomba uwe na subira."

Nikasikia, "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," na simu ikakatika.

Jamani, mtu yeyote wa Pemba anaijua simu hiyo. Hivyo ndivyo tunavyopeana habari ya msiba, hatukitaji kifo, tunauliza kama mtu amekaa na yuko na nani, na mwenyewe anaelewa. Mie nimewahi kuipokea mara mbili, na bado siku ile masikio yangu hayakunisikia. Nilidhani ni mtandao. Nikapiga tena, inatumika, nikapiga tena, inatumika (alikuwa anawaambia watu), nikasema basi, tutaendelea Alkhamisi, nikaenda kuwapa ng'ombe maji na tai yangu shingoni.

Haikupita saa nikasikia kilio mbele ya nyumba. Natoka, naona wanawake wamemshika mama, sheha, kiongozi wa mtaa wetu, kashafika, wanaume wanatandika majamvi, na jeneza la msikitini limeegemezwa ukutani.

"Babaako katutoka, Faki," akaniambia Bi Asha, jirani yetu. "Gari ishatumwa Makangale kumfuata."

Baba alikuwa ameondoka alfajiri kwenda Makangale kununua ndama, na simu yake huizima kutwa ili isile chaji. Nikauliza kafa vipi, mmoja akasema kaanguka njiani, mwengine akasema ni presha, na wote walikuwa na uhakika kiasi kwamba, wallahi, nikakaa chini nikalia. Mie niliyeianzisha habari yenyewe nikalia mpaka tai ikarowa. Mzee mmoja akaninong'oneza niivue, si mahala pake.

Mara Bwana Taheri akateremka kwenye gari na watu wake wa dukani, kwapani kashika kitambaa cheupe, sanda, ameshaikata mwenyewe. Akanikumbatia, akasema mbele ya watu wote, "Umenipa habari kwa adabu kubwa, mwanangu. Wengine wangepayuka."

"Habari ipi, mzee?"

"Si hiyo ya simu!"

Hapo ndipo nikaelewa kwamba msiba wenyewe ni simu yangu. Nilifurahi na kuogopa kwa pamoja: baba yu hai, na uani pamejaa watu wanaomlilia. Nilisomeshwa masomo chungu nzima ya kutoa habari mbaya, hata moja halikusema utafanyaje kutoa habari njema kwa watu walioshamaliza kulia. Nikasimama, nikasema, "Jamani, hakuna aliyekufa. Nilikuwa najifunza kazi." Wa kwanza kunyanyuka alikuwa mama, na kandambili alikuwa nayo mkononi, hayo mengine niachieni mwenyewe.

Alasiri baba akaingia na gari la ng'ombe, ndama kamfunga nyuma; gari iliyotumwa kumfuata walikuwa wamepishana nayo njiani. Akatazama majamvi, akatazama jeneza.

"Kafa nani?" akauliza, huku akivua kofia kwa heshima ya marehemu.

Bwana Taheri akamwendea, akamshika mabega, akalia waziwazi, na baba, ambaye sijapata kumwona akikumbatiwa na mtu, akamwacha alie. Kisha wakakaa barazani wakanywa chai. Baba akauliza kama sanda itarudi dukani. "Nshaikata kwa jina lako, hairudi," akajibu rafiki yake. Baba akaipima kwa mkono, akaona inamtosha, akaenda kuiweka sandukuni.

Mie nilikuwa pembeni, najua kazi imeshakwenda. Bwana Taheri akatoa simu, akampigia mpwa wake pale pale, sauti watu wote wanaisikia. "Nina kijana hapa. Ana adabu, ana sauti ya kuaminika, maneno yake machache tu nimefunga duka. Mchukueni. Lakini nakuombeni kwa Mungu, simu msimpe."

Nilipita usaili, wakanichukua, na wakamsikiliza: mwaka wa kwanza mzima niliandika barua za wateja tu. Sasa simu ninayo, na nimejiapia kwamba neno langu la mwanzo kwa tajiri yeyote ni mfuko umeshuka, umeshuka kiasi hiki, sababu ni hii, wala simwulizi mtu kama amekaa. Wenzangu ofisini wananiambia ni mkavu mno. Sawa, nakubali, lakini wao hawajapata kumliza mama yao kwa mazoezi.