Aliyekimbilia Kwenye Mihogo

Nakumbuka asubuhi moja ya aibu, mwanangu, na nikiikumbuka hata leo uso unaniwaka kama nimeinamia jiko. Umeniambia unakwenda chuo kikuu kusomea elimu ya jinai. Nimefurahi, usidhani sikufurahi. Lakini mimi niliyezeekea kwenye upelelezi sina cha kukufungia safari ila hiyo asubuhi, basi ipokee.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya Ujamaa. Nilikuwa msichana wa Kirumba, mjini, nimemaliza shule na nimechaguliwa kwenda chuo cha polisi. Nikisubiri safari, mama akanipeleka kwa kaka yake kule Ilemela, kijiji cha ufukweni mwa ziwa, nikasaidie palizi. Palizi gani! Nilishapitia mafunzo ya mgambo, nikajiona askari kamili. Nilitembea na filimbi shingoni, watoto wakinipigia saluti, nami naipokea bila hata kucheka.

Siku hiyo ghala la kijiji lilifunguliwa, nyavu mpya za kuvulia samaki hazipo. Zilikuwa jasho la wote, na kuiba mali ya kijiji siku zile hakukuwa mzaha. Mtu angeweza kufungwa, na jina lake lisisafishike tena. Watu wakakusanyika. Mjomba wangu, aliyekuwa balozi wa nyumba kumi, akasema tumsubiri mtunza ghala, maana alikuwa amevuka ziwa kwenda Kamanga, ng'ambo. Mimi nikaona kusubiri ni uzembe. Nikapanda juu ya jiwe, nikaanza kuwakagua watu usoni, utadhani wizi huandikwa kwenye paji.

Hapo akatokea Masanja, kijana mpole, jembe begani. Alipokaribia akatazama upande wetu, akashtuka, akatupa jembe na kukimbilia kwenye mihogo.

"Huyo!" Nikapuliza filimbi. "Mkamateni! Anayekimbia ana lake!"

Vijana wakamfukuza, nami mbele yao. Tulimkuta amechutama katikati ya mihogo, kajifunika uso kwa shati. Nikamuuliza anakimbia nini kama hakuiba.

"Dada, niache hapa hapa," alisema kwa sauti ndogo. "Nitakuja baadaye, nakuomba."

Nikaona amekiri. Nikaamuru aburutwe mpaka mbele ya ghala. Shati likachanika njiani, akafika kifua wazi, vumbi tupu.

Wanawake wakapiga yowe, lakini halikuwa yowe la mwizi. Mama mmoja alijifunika kanga usoni, akageuka na kuondoka akijikwaa. Alikuwa mama mkwe wa Masanja, amefika asubuhi ile kumwona binti yake aliyejifungua, naye alikuwa amesimama nasi pale ghalani tangu mwanzo.

Mwanangu, Msukuma wa enzi zile hakukutana uso kwa uso na mama mkwe. Akimwona kwa mbali aliacha njia, akajificha mpaka apite. Hiyo ndiyo heshima aliyokuwa nayo ya kumpa. Na kinachonichoma ni kwamba nilikuwa naijua mila hiyo. Baba yangu mwenyewe, mara ngapi nilimwona akitokea mlango wa uani bibi alipopiga hodi mbele! Nilijua. Ila nilikuwa nimeshampata mwizi wangu, na mengine sikutaka kuyajua tena. Naona haya kukuambia hivyo.

Mjomba alikuja, akanivua filimbi taratibu.

"Dalili ya mvua ni mawingu," akasema, "lakini si kila wingu hunyesha. Umemwuliza mtu swali, hukungoja jibu. Umemvua nguo mkwe wa watu."

Jioni mtunza ghala akarudi na pantoni, nyavu anazo. Alikuwa amezipeleka Kamanga kwa fundi zifungwe kamba na maboya. Hakuna kilichokuwa kimeibwa, na mimi nilikuwa na mwizi tayari!

Nilikwenda kwa Masanja, nikapiga magoti mlangoni. Alinipokea vizuri, na wema wake ndio ulioniumiza zaidi.

"Nimekusamehe, dada," akasema. "Lakini mama ameshaniona."

Mama mkwe yule aliondoka siku ile ile kabla ya kumpakata mjukuu. Baada ya mavuno Masanja akafungasha, akahama na mkewe na mtoto, wala sikuthubutu kuuliza wamekwenda wapi. Maji yakimwagika hayazoleki.

Basi sikia ninachokuusia. Huko chuoni watakufundisha alama za vidole, damu, na namna akili ya mhalifu inavyofanya kazi. Jifunze yote, usiache kitu. Lakini kabla hujauliza nani ameiba, uliza kama kimeibwa kitu. Mtu akikimbia, akinyamaza, akiinamisha macho, usiseme umeshamjua. Kaulize kwao hayo yana maana gani. Kuuliza si ujinga. Na ukimhoji mtu, mhoji faragha, kwa sababu hakimu anaweza kumwachia huru kesho, lakini hawezi kuwaambia waliomwona wasahau walichokiona.

Nenda, mwanangu. Mungu akujalie macho makali na ulimi usio na haraka. Akulinde na sifa za mapema, zilizonipoteza mimi. Na yeyote atakayekimbia mbele yako, Mungu akujalie umfikie ukiwa bado una swali.