Tumbo la Paka wa Mjini

Sijawahi kupenda paka, na sikuanzia kwa yule. Kwetu Kibingo paka ni mfanyakazi: anakamata panya stoo, analala jikoni, na akifa anafukiwa migombani bila hotuba. Kwa hiyo siku mwanangu alipofika na katoni ya sabuni kwenye kiti cha nyuma cha gari, na ndani yake paka mchanga aliyejinyea mpaka masikioni, nilidhani ameniletea takataka nimtupie.

Mwanangu anafanya kazi ofisini, mjini Kayanga. Ana gari, ana kitambi, na ana mke wa kutoka Bukoba ambaye akiingia kwenye kibanja changu cha migomba anatembea kama kuku aliyefungwa kamba mguuni. Paka alikuwa wa binti yao, mjukuu wangu wa darasa la pili, aliyeshuka garini akilia akasahau kunisalimu. Mama yake akamsukuma bega.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Nani kafa?"

Hakuna aliyekufa, mwanangu akaeleza. Paka alikuwa anaharisha tangu wampate, tena anaharishia kwenye kapeti, wakaona wamlete kwangu mpaka apone. Mkwe wangu akaongeza kwamba huku kijijini kuna hewa safi. Nimefundisha shule ya msingi tangu usichana wangu mpaka nikastaafu, na sijaona hewa ikimfunga mtu kuhara. Nikauliza anakula nini.

"Maziwa," akasema mkwe wangu kwa fahari. "Asubuhi na jioni. Hatumnyimi."

"Na soseji," mtoto akaongeza.

Wakanywa chai, wakapakia mkungu wangu mmoja wa ndizi, wakaondoka. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Yule wangu ningempa jembe gani? Hata mkia wake mwenyewe ulikuwa unamshinda kuubeba.

Jirani yangu ana ng'ombe, kwa hiyo anajiona ana majibu. Alipomwona paka amebaki mifupa, akaja na kibuyu cha maziwa. Huku kwetu maziwa ni heshima. Ukimpa mtu maziwa umemaliza mapokezi, na akiyakataa ametukana ukoo wako mzima. Sasa heshima hiyo nayo ilikuwa imemfikia paka.

"Mwalimu, huyu ana njaa ya maziwa."

"Ameyaharisha leo asubuhi hapo mlangoni."

"Basi hayakumtosha."

Nikamwambia asante, nikayanywa mimi. Kesho yake akarudi na majani ya omubilizi, ule mti mchungu tunaotwanga mtu akiumwa tumbo, akataka tumkamulie paka mdomoni. Nikamwambia aanze na mumewe.

Mtu wa kwanza kusema neno la maana alikuwa afisa mifugo, na sikumpenda hata yeye. Alikuwa amekuja kutazama ndama wa jirani. Nikamfuata pale pale na paka kwapani. Akacheka. "Mama, mimi ni wa ng'ombe." Nikamuuliza kama chuoni walimfundisha kwamba paka hana tumbo. Hapo akamshika, akamfunua ufizi, akambinya tumbo, akampimia dawa ya minyoo kwa uzito wake. Kisha akaniambia niache maziwa kabisa, maana paka wengi wakishaacha kunyonya hayawakubali. Nimpe chakula cha aina moja, bila chumvi wala mafuta, kidogo kidogo, na maji safi pembeni. Kitakachomkubali nisikibadilishe.

"Na atapona lini?"

"Wengine hawaponi, mama. Tumbo lake ndilo hilo. Utakuwa unalitunza tu."

Baada ya hapo akanieleza jinsi alivyo na kazi nyingi, na hayo maelezo yalichukua muda kuliko matibabu.

Nikaanza na dagaa wa kuchemsha. Akaharisha. Nikajaribu sato, akatapika juu ya kitabu cha nyimbo za kanisani. Siku moja akakamata panya, nikamsifu mbele ya jirani. Kesho yake akaharisha panya. Jamani, paka ambaye panya anamvuruga tumbo ni paka wa kazi gani? Nilimwambia hivyo usoni, naye akanitazama kwa yale macho yake ya uvivu, akajilaza kwenye khanga yangu safi.

Kilichomkubali kilikuwa nyama ya kuku iliyochemshwa mpaka ikalegea, ikachambuliwa nyuzi nyuzi na kupondwa na boga kidogo. Kuku walikuwa wangu, boga lilikuwa langu. Alikula mara nne kwa siku, kijiko kwa kijiko, maana ukimwachia sahani nzima anabwia yote kisha anaitapika. Nikamwekea beseni la majivu nyuma ya jiko, na kila asubuhi, mimi mjumbe wa baraza la wazee wa usharika, nilichutama pale na kijiti nikikagua mavi ya paka. Siku kilipotokea kitu kigumu, kimekamilika, nilikitazama kwa furaha ambayo hakuna mahafali yaliyowahi kunipa.

Manyoya yakarudi. Akaanza kurukia majani ya migomba na kunifuata mpaka kwenye kahawa. Hapo ndipo watu wa Kayanga wakaja kutembea.

Ilikuwa Jumapili. Niliwaambia wote watatu, kwa sauti niliyokuwa natumia darasani, kwamba paka haguswi na chakula chochote isipokuwa changu. Wakaitikia kwa vichwa. Nikaingia jikoni kumenya ndizi. Mkwe wangu akaona kibuyu jirani alichoniletea asubuhi, akamimina maziwa kwenye bakuli, akamkabidhi mtoto. "Mpe, maskini. Bibi anambania." Mtoto akampa. Mchelea mwana kulia hulia yeye, lakini mkwe wangu ni fundi wa kuchelea na wenzake ndio wanaolia.

Kabla hawajaondoka paka alikuwa anatoa maji yenye damu. Mjukuu wangu akachutama kando ya beseni, akaniuliza, "Ni mimi, bibi?"

"Si wewe," mama yake akadakia. "Ni maji ya huku, machafu."

"Ni maziwa," nikamwambia mtoto. "Kwako ni chakula, kwake ni sumu. Wewe ulitumwa, hukujua. Sasa unajua."

Alibaki pale pale kachutama mpaka baba yake alipopiga honi.

Paka alikaribia kufa. Nilimpa maji kwa kijiko cha chai, tone kwa tone, akiwa amelala kwenye mapaja yangu hana hata nguvu ya kunikwaruza. Niliogopa. Niliogopa sana atakufa, na nikawachukia wote waliokuwa ndani ya lile gari. Alipoanza tena kula, nilikaa kwenye kigoda nikalia kama mjinga, kwa ajili ya paka.

Tukarudia yote toka mwanzo, kuku na boga, beseni na kijiti. Alikuwa amenona tena mwanangu aliponipigia simu. Wanakuja Jumamosi kumchukua, akasema. Mkewe ameona picha niliyowatumia, amefurahi, keshamnunulia kitanda.

"Na maziwa?" nikauliza.

"Mama, kidogo hayana shida. Paka ana roho saba." Akakata simu kabla sijamweleza kwamba sita zimeshatumika kapetini kwake.

Basi nikajua. Akirudi Kayanga atakufa, na atakufa kwa sababu kule hakuna mtu wa kufanya kitu kile kile kila siku bila kuchoka.

Jumamosi niliposikia gari linapanda kilima, nilimbeba paka nikamfungia stoo ya maharage, nikatia kufuli. Nikatoka kuwapokea.

"Amekufa," nikasema. "Juzi."

Mwanangu akasema pole mama, kwa sauti ya mtu aliyetuliwa mzigo. Mkwe wangu akasema alijua tu, chakula cha huku kisingemfaa, kisha akauliza wapi anaweza kuchaji simu. Mjukuu wangu hakulia. Alinitazama.

"Umemzika wapi?"

Nikaonyesha mgomba wa kwanza niliouona, nao kwa upumbavu wangu ulikuwa umeegemea ukuta wa stoo. Akaenda akasimama pale. Na kutoka ndani, paka akalia. Hakulia kwa nguvu, ila alilia.

Mtoto akatazama ukuta. Akatazama kufuli. Halafu akanigeukia mimi, na mimi, niliyewainamisha macho watoto wa kijiji hiki kizazi baada ya kizazi, niliyainamisha yangu.

Akajitupa chini ya ule mgomba akaanza kuomboleza. Aliomboleza kwa sauti ya juu mpaka jirani akatoka nje kuuliza msiba ni wa nani. Paka akilia, yeye anapandisha sauti. Baba yake alimbeba mpaka garini akirusha miguu.

"Basi, mama, tutakununulia mwingine," mkwe wangu akamwambia binti yake.

"Sitaki mwingine. Sitaki paka pale nyumbani tena."

Nikasogea dirishani mwa gari kumuaga mjukuu wangu. Alikuwa amenyamaza ghafla. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Bibi, jioni anakula saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili."

"Nani?" mama yake akauliza, macho kwenye simu.

"Kuku," mtoto akajibu.

Gari likaondoka. Mjukuu wangu alikuwa amegeukia kioo cha nyuma, analia sasa bila sauti yoyote, na ameziba mdomo kwa mkono mama yake asimsikie. Katika ukoo ule mzima kuna mtu mmoja tu nisiyemdharau, na paka niliyemfungia stoo alikuwa wake.