Simbilisi wa Dada Nyemo

Nikiwa bado mtoto, kwetu Kibakwe, chini ya kitanda cha dada yangu Nyemo waliishi simbilisi, wale wanyama wadogo wa manyoya kama sungura wa masikio mafupi. Nyemo alikuwa na pumu. Mama aliamini, kama majirani zake wote, kwamba simbilisi akilala karibu na mgonjwa huvuta ule ugonjwa kidogo kidogo mpaka umwingie yeye. Kwa hiyo simbilisi akifa, kwetu haukuwa msiba. Mama alimzika upande jua linakozama, ili ugonjwa uzame nalo, kisha akatafuta mwingine.

Nyemo ndiye aliyewalilia. Aliwapa majina, na mara nyingi alimpakata mmoja kifuani, huku kifua chenyewe kikipiga filimbi. Nilizoea kumtania kwamba ameficha redio humo ndani. Alicheka, kicheko kikaleta kikohozi, na mama akanifukuza nje.

Baba mdogo, aliyekuwa akifanya kazi mjini Dodoma, ndiye aliyeshikilia kwamba Nyemo apelekwe kwa daktari bingwa wa kifua. Mama alikubali shingo upande. Daktari aliuliza tunapikia nini, tunalalia nini, na kama kuna wanyama ndani. Aliposikia habari za simbilisi, alisema watolewe siku hiyo hiyo, kwani manyoya yao yanamkaba mtoto. Akampa Nyemo pampu ya kuvuta dawa, aitumie kila siku, hata akijisikia mzima, na aende nayo kila anakokwenda.

Mama alitii nusu. Simbilisi aliwagawa. Pampu aliifungia sandukuni, kwa sababu kijijini kila mtu alijua kuwa pampu ni dawa ya mwisho: ukishaizoea, mapafu hulegea, na siku dawa yake ikiisha nawe umekwisha. Aliitunza kwa ajili ya siku mbaya. Simlaumu. Mtoto anaruka kamba uani, utampaje dawa ya mtu anayekata roho?

Siku mbaya ilitukuta shambani, tukipura mahindi. Vumbi lilikuwa jingi. Nyemo alikaa chini akashika magoti, mabega yakipanda na kushuka, na neno halitoki. Mama alikimbia nyumbani mwenyewe. Aliporudi na pampu mkononi, kifuniko chake hakijawahi kufunguliwa, shangazi alikuwa ameshamfunika Nyemo uso kwa kanga.

Baada ya mazishi mama alisema kwamba kama simbilisi wangekuwepo, mwanawe asingekufa. Hakuna aliyembishia. Walikuwa wametolewa, na mtoto amekufa. Kwake yeye mambo yalikuwa yameishia hapo.

Sasa naishi Kikuyu, hapa mjini Dodoma, na mama yuko kwangu. Binti yangu ana pumu. Kila asubuhi anavuta dawa yake, anasukutua mdomo, anakwenda shule, na bibi yake hugeuzia uso ukutani asione. Ningeweza kumweleza mama. Lakini kumweleza ni kumwambia kwamba kilichomkaba Nyemo ni kile alichomtafutia kwa mapenzi, na kilichoweza kumsaidia alikifungia kwa ufunguo wake mwenyewe. Ataupeleka wapi ukweli huo na umri wake? Nimenyamaza, na kunyamaza kwangu hakujasaidia mtu.

Mwezi uliopita alirudi kutoka kusalimia ndugu Kibakwe. Siku chache baadaye binti yangu alianza kukohoa upya. Nikifagia chumba chake nilisikia mkwaruzo chini ya kitanda. Palikuwa na boksi, na ndani yake simbilisi mweupe akitafuna mchicha.

Nililibeba lile boksi nikapita nalo sebuleni. Mama alikuwa mkekani, anachambua mchele. Hakupaza sauti.

"Hata wale wa Nyemo mliwatoa hivi hivi," alisema.

Nilitoka nalo nje. Kikohozi cha mtoto kimepungua, ila mama haoni hilo. Jioni humwita mjukuu wake, humshika mikono, humtazama usoni kwa muda mrefu. Nalijua tazamo lile. Ameshaanza kumuaga.