Usigeuke Mpaka Uitwe

Wanaopenda kusema samaki mkunje angali mbichi hawajamwona jirani yangu akijifunza kununua mitumba baada ya kustaafu. Huyo hakuwa mbichi. Alikuwa amekauka kabisa, tena na chumvi juu, na bado alikunjika pale alipotaka mwenyewe.

Mtaa mzima tunamwita Matroni, kwa sababu ndiyo kazi aliyoifanya wodi ya wazazi mpaka nywele zikawa nyeupe. Mimi ni msusi. Kibaraza ninachosukia kinatazamana na mlango wake, kwa hiyo mengi ya haya sikusimuliwa na mtu.

Miaka yote ya ndoa, sokoni alikuwa anakwenda mumewe. Mzee yule kwa kupatana bei alikuwa hana mpinzani, na kazi ya Matroni ilikuwa kupokea kapu tu. Mzee akafariki. Baadaye binti yao akapata mkataba wa kazi nje ya nchi, akamwachia mama yake mtoto wa miaka mitano ambaye mdomo wake haujui kufungwa, tukambandika jina la Chiriku. Pensheni iliyokuwa inambana bibi mmoja sasa ikatakiwa kulisha na mjukuu.

Siku za mwanzo sokoni walimfanya walivyotaka. Anatajiwa bei, analipa, na asante juu. Muuza nyanya akamlilia kwamba mwanawe anaumwa tumbo. Matroni akamwongezea hela, akamweleza na namna ya kuchemsha maji ya kunywa. Hawajafika mbali Chiriku akamvuta gauni. "Bibi, mbona yule mama mwingine kaambiwa mtoto anaumwa mguu?"

Kwenye mitumba ndiyo kabisa. Viatu vimemwagwa chini kwenye turubai, wenzake wameinama wanachambua, yeye kasimama wima na mkoba kifuani. Siku hiyo nilikuwepo, nikamwambia, "Mama, mtaka cha mvunguni sharti ainame."

"Nimewainamia wanawake wanaojifungua maisha yangu yote," akanijibu. "Sasa viatu navyo niviinamie?"

Akanyoosha kidole, akafungiwa viatu vyekundu vya mjukuu, akalipa. Aliuziwa mbuzi kwenye gunia. Kufungua nyumbani, vyote viwili ni vya mguu wa kushoto.

Na balaa haliji peke yake, maana Jumapili ya wiki ile ile akaja mwanawe wa kiume. Huyo ni meneja wa ghala, shati halina hata mkunjo, na anaongea kama anasoma taarifa ya habari. Akamkuta Chiriku mbele ya mlango anakimbia na vile viatu, kila akienda mbele anapinda upande. Mimi na mteja wangu tulikuwa hoi kwa kicheko. Yeye hakucheka, na hilo linaniudhi mpaka leo.

"Mama, mtoto nitamchukua," akasema. "Akakae kwangu. Wewe pumzika."

"Nitapumzika kaburini."

"Unapigwa kila siku sokoni. Ndani hakuna kitu. Mtoto halelewi kwa huruma."

"Na wewe ulilelewa kwa nini, kwa saruji?"

Akavuta pumzi. "Basi nitakuja mwisho wa mwezi. Nikikuta mambo yamenyooka, nitanyamaza. Nikikuta bado, naondoka naye."

Gari lilipoondoka Matroni akavuka njia, akajitupa kwenye kigoda cha wateja wangu. Mikono ile iliyopokea nusu ya watoto wa mtaa huu ikanikamata mkono.

"Nifundishe," akasema. "Huyu mtoto akiondoka, sitakuwa na sababu ya kuamka asubuhi."

Nikamfundisha. Nikamwambia ainame, achambue mwenyewe, ageuze nguo nje ndani, na asisifie kitu mbele ya mwenye nacho. Kisha nikamfungulia siri ya mzee wake, niliyokuwa namwona akiitumia sokoni. Ukikitaka kitu kwelikweli, taja bei yako, halafu kipe mgongo uondoke. Polepole. Na usigeuke mpaka uitwe.

"Nikikitaka ndiyo niondoke?"

"Ndiyo, mama."

"Huo ni wendawazimu."

"Ndiyo soko hilo."

Chiriku alikuwa amekaa miguuni petu, kwa mara ya kwanza kimya.

Tukafanya mazoezi hapo hapo, mimi muuzaji, bidhaa ni kitana changu. Matroni akataja bei yake, akageuka, akaondoka mbio kama kaitwa chumba cha upasuaji. Ikabidi nimkimbilie mpaka kwenye kona! Mara ya pili akageuka kabla sijamwita, akanikaripia kwamba nachelewa. Aliyetuweza ni Chiriku. Mikono nyuma, pua juu, hatua za kuku, na wimbo puani. Nikamwita kwa sauti ya sokoni, "We mama! Rudi basi! Njoo tuelewane!" Akarudi akijifanya hataki.

Wakaingia sokoni wawili. Kwanza walirudisha vile viatu vya kushoto. Matroni akasimama mbele ya turubai akatoa somo la mifupa ya mguu, wateja wakajaa kusikiliza, mpaka mwenye mali akachimbua jozi kamili ili apate amani yake. Muuza nyanya akaulizwa mguu wa mtoto unaendeleaje, akashusha bei bila kubishana. Sweta la shule likapatikana, pazia likapatikana, na kila walipoitwa "njoo tuelewane" yule bibi alimminya mjukuu mkono. Akawa anarudi nyumbani anacheka kama msichana, ananionyesha mshono mmoja mmoja, nami nachomekewa maelezo huku nasuka. Yeye aliyesema kuinama hakumfai!

Mwisho wa mwezi meneja akaja. Akakagua mikebe ya jikoni, akapapasa pazia, akatazama viatu vya mtoto, cha kulia na cha kushoto. Hakupata kasoro. Wakatoka kukaa nje mlangoni, nikasema moyoni yamekwisha.

"Sawa, mama, umejitahidi," akasema. "Lakini si haki kumwamulia mtoto. Tumuulize mwenyewe."

Hiyo haikuwa ahadi yake. Nilitaka kuvuka njia nikamwambie, ila nilikuwa na kichwa cha mtu mkononi.

Akachuchumaa mbele ya Chiriku. "Unataka kubaki na bibi, au kwenda kukaa na mjomba? Kwa mjomba kuna baiskeli."

Chiriku akamtazama mjomba. Akamtazama bibi, kwa muda mrefu. Kisha akashuka kwenye kiti, akampa bibi yake mgongo, akaanza kuondoka kuelekea kwenye gari.

"Umeona, mama," meneja akasema, akawahi kumfungulia mlango. "Mtoto hadanganyi."

Mabega yalimshuka Matroni, na kwa mara ya kwanza nikamwona ni mzee. Iliniuma. Nikaacha kusuka.

Ndipo alipoinua macho akaitazama ile miguu midogo. Mikono nyuma. Pua juu. Hatua za kuku. Upepo ukatuletea na ule wimbo wa puani. Chiriku alipokaribia gari akapunguza mwendo, mpaka akawa anakanyaga pale pale, na shingo kaikaza asigeuke.

Matroni akainuka. Akaitoa ile sauti iliyokuwa ikiamsha wodi nzima.

"We mama! Rudi basi! Njoo tuelewane!"

Chiriku aligeuka kwa nguvu mpaka kiatu kikamtoka. Akaja mbio na kimoja, akamrukia bibi yake shingoni, analia na kugomba kwa pamoja.

"Bibi, umechelewa kuniita! Nilikuwa karibu nifike!"

Meneja alikuwa bado kashikilia mlango, hajui auweke wapi uso wake. Matroni akamtazama juu ya bega la mjukuu.

"Funga gari lako, baba, unaingiza nzi bure," akamwambia. "Huu mzigo umeshapata mwenyewe."